Koili Hubadilishwa kwa Kalenda, Si kwa Ulimi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametingwa na majukumu na hivyo ametuma mwakilishi, na mwakilishi huyo ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi ila kwa kofia nyingine. Wakuu wa vitengo, manaibu wao, na wale mnaokaimu nafasi za manaibu ambao bado hawajateuliwa. Ndugu wahasibu mliokaa kivulini. Ndugu madereva mliosimama juani. Wapangaji wa jengo la jirani mnaochungulia madirishani, ambao nanyi nawatambua. Mabibi na mabwana: yeyote ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa, atulie, na simu yake aizime. (Makofi. Mshereheshaji anapunga mkono yaendelee, nayo yanaendelea kwa shida.)

Nimesimama mbele yenu katika uwanja huu wa kuegesha magari, kati ya jenereta na tangi la maji, mimi Mkurugenzi wenu wa Mvuke na Masuala Mtambuka, nikiwa na furaha ambayo kifua changu kinashindwa kuibeba peke yake, kwa lengo la kufungua rasmi Kituo cha Kubadilishia Koili, ambacho mlango wake uko hapa nyuma yangu chini ya pazia la bluu, na ambacho ofisi yangu imekibuni, imekiratibu, imekifuatilia na imekitolea taarifa hatua kwa hatua, kutoka ngazi ya wazo hadi ngazi ya juu kabisa ya wazo, ambayo ndiyo tuliyoifikia leo. (Makofi upande wa wahasibu.)

Kwa faida ya wasiotumia, nitaeleza kwa lugha nyepesi. Sigara ya umeme tunayoizungumzia si ile ya kutupa ikiisha. Ni ile ya kusuka mwenyewe. Ina betri, ina kitangi cha juisi ya nikotini, na ndani mna koili, yaani waya mwembamba uliosokotwa kama springi ya kalamu, na katikati ya waya mmepitishwa pamba. Pamba inanyonya juisi, betri inapasha waya moto, juisi inageuka mvuke, mtu anavuta, mambo yanakwenda. Teknolojia inaishia hapo. Kinachobaki ni utawala, na utawala ndio fani yangu.

Mtakumbuka kwamba ofisi yangu ndiyo iliyozindua programu ya Toka Moshini, Ingia Mvukeni. Daktari wetu wa hapa kazini alishauri watu waache vyote viwili. Ushauri ule tuliupokea, tukaushukuru, tukaupeleka kwenye kamati ndogo, na kamati ndogo ikaona tuanze na kimoja. (Kicheko.) Wa kwanza kujiunga alikuwa dereva wangu, ambaye uwazi na uwajibikaji vinanilazimu niseme kwamba ni mume wa mdogo wangu, na kwamba ajira yake haihusiani na jambo hilo kwa namna yoyote ile. (Kicheko kirefu upande wa madereva.) Simama, shemeji, wakuone. (Dereva anasimama, anakohoa, anashika boneti ya gari, anakohoa tena, anakaa.) Asante, inatosha.

Huyu bwana alivuta sigara tangu kabla hajaoa. Akipanda ngazi, sisi wa ghorofa ya juu tulikuwa tunamsikia akiwa bado mapokezi. Mdogo wangu alikuja ofisini kwangu analia, akaniambia, kaka, daktari kasema mapafu ya baba watoto hayana tena pa kuwekea moshi, akiendelea hivi nitabaki na watoto peke yangu, nisaidie. Nami, kwa mamlaka niliyokabidhiwa, nilimwambia, nenda nyumbani kapumzike, suala hili niachie mimi. Shemeji akakabidhiwa kifaa mbele ya wapiga picha, na tangu siku ile hajagusa sigara. Haya ni mafanikio ya asilimia mia moja kwa sampuli ya mtu mmoja, na hakuna programu nyingine katika Mamlaka hii iliyowahi kufikia hata nusu yake. (Makofi. Mdogo wake Mheshimiwa, aliyesimama karibu na mumewe, hapigi.)

Sasa ikajitokeza changamoto, kwamba koili inachakaa. Mnamkumbuka yule mama aliyekuwa na meza chini ya ngazi, anauza waya na pamba? Mji mzima alikuwa peke yake mwenye biashara hiyo. Watu walikuwa wanamwendea wakati wowote wanapojisikia. Mtu anashuka tu kutoka ofisini, anasema, mama, yangu imeanza kuungua, na yule mama anafungua, anachungulia, anabadilisha, basi. Hakuna kikao, hakuna mwongozo, hakuna mtu wa ngazi ya ukurugenzi aliyeshirikishwa. Nilipopita pale nikaona foleni ya wafanyakazi wanacheka na kuondoka wameridhika, nikajua tuna tatizo la kimfumo. Nikaelekeza meza iondolewe mara moja ili kupisha Kituo. Mama yule kahamia kwa mwanawe mji wa mbali, na tunamtakia heri. (Minong'ono. Sauti kutoka nyuma: "Alikuwa anatusaidia yule." Mshereheshaji anamtafuta msemaji kwa macho.)

Katika utafiti wangu wa kina, niliofanya kwa kukaa nje ya nchi kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, nimegundua kuwa mitaani kumezagaa dhana potofu kuhusu lini koili ibadilishwe, na leo nataka nizivunje moja baada ya nyingine. Wapo wanaosema ukivuta ukasikia ladha ya kitu kilichoungua, ndiyo wakati. Wapo wanaosema ladha ikififia, au mvuke ukipungua, au ukibonyeza kitufe koili ikachelewa kupata moto, ni dalili. Wengine wamefika mbali, eti pamba ibadilishwe mara nyingi kuliko waya, eti waya ukiota ukoko mweusi unaweza kuutoa pamba, kuuchoma mkavu kidogo na kuusugua kwa brashi, ukarudi kazini, lakini ukiona unawaka upande mmoja na mwingine umelala, au umeliwa na kuwa mwembamba, utupe. Tena wanadai juisi tamu sana inaziba koili haraka kuliko isiyo tamu. (Wasikilizaji wanatikisa vichwa kukubali.) Msitikise vichwa, nimesema ni dhana potofu.

Ndugu zangu, ulimi si chombo cha ofisi. Ulimi haujasajiliwa, haujakaguliwa, na kila mtu ana wake. Leo ukimruhusu mtumishi aamue kwa ulimi wake kwamba koili imekufa, kesho ataamua kwa macho yake kwamba lifti imekufa, na keshokutwa ataamua kwa akili yake mambo mazito zaidi. Kwa hiyo, baada ya semina elekezi, warsha, na warsha ya kupitia warsha, ofisi yangu imekuja na sera moja safi: koili zote za watumishi wote zitabadilishwa siku moja, mwanzoni mwa mwaka wa fedha, anayevuta kutwa nzima na anayevuta siku ya harusi tu. Usawa umezingatiwa, jinsia imezingatiwa, mazingira yamezingatiwa. (Mdogo wake Mheshimiwa, kwa sauti ya kawaida: "Na yeye aliyeungua koo sasa hivi afanye nini, kaka?")

Swali hilo limepokelewa, litajibiwa katika kipindi cha maswali, ambacho kwa leo hakimo kwenye ratiba. (Mdogo wake: "Anavuta pamba iliyoungua tangu ulipoiondoa ile meza. Nimekuuliza nyumbani, ukasema subiri ufunguzi. Leo ndiyo ufunguzi. Anapata koili au hapati?") Mdogo wangu, hapa mimi si kaka yako, hapa mimi ni taasisi. Kaa chini. (Hakai.)

Ngoja niseme jambo, maana naona watu wananong'ona. Ni kweli, asubuhi tukiwa njiani shemeji aliniambia kwamba koo limechoka, kila akivuta ni kama analamba jiko, na kwamba akiikosa koili leo atarudi kwenye sigara, hana ujanja. Aliyasema hayo kwa heshima, akiwa ameshika usukani. Nilimjibu kwamba kauli za namna hiyo zinavuruga takwimu. Mtu mmoja akirudi kwenye sigara, asilimia mia moja yangu inashuka hadi sifuri kwa mkupuo, na ripoti nimeshaituma makao makuu, ina jalada gumu. Kwa hiyo nilimwomba ajikaze kizalendo. (Mheshimiwa anatoa kifaa chake mfukoni, anavuta. Wingu kubwa jeupe lenye harufu ya vanila linamfunika mpaka mabegani. Mshereheshaji analipepea kwa ratiba.)

Samahani, koo lilikauka. (Mdogo wake: "Hicho chako koili yake nzima?") Hiki ni kifaa cha maonyesho. (Mdogo wake: "Kaka, una koili nzima mkononi. Mvulie hiyo, umpe. Dakika moja tu. Wewe utakaa bila kuvuta mpaka jioni, hutakufa. Yeye atakufa." Dereva anamvuta mkewe mkono, anamwambia aache.)

Mdogo wangu anazungumza kwa uchungu, nami uchungu huo nauheshimu na nitauingiza kwenye taarifa kama maoni ya wadau. Lakini koili hii ilinunuliwa katika fungu la ziara ya mafunzo, na fungu la ziara haliwezi kumwagika kwenye fungu la shemeji bila idhini, na mwenye kutoa idhini ni mimi, na mimi kwa sasa niko jukwaani nahutubia. Utaratibu ni utaratibu. Tukianza kuvuliana koili huku na huku kwa sababu tu mtu anapumua vibaya, taifa litakwenda wapi? (Mhasibu mmoja anaanza kupiga makofi, anaona yuko peke yake, anaacha.)

Niingie kwenye takwimu. Kituo hiki kitahudumia watumishi elfu kumi kwa siku, ingawa Mamlaka yetu ina watumishi mia mbili, jambo linaloonyesha jinsi tulivyofikiria mbele. Kitakuwa na dawati la mapokezi, dawati la rufaa, chumba cha kusubiria, chumba cha kusubiria cha watu mashuhuri, na mfumo wa kidijitali wa kupanga foleni ya kuingia kwenye foleni. Tathmini ya kuridhika kwa wateja imeshafanyika kabla ya wateja kuhudumiwa, ili tusije tukacheleweshwa na maoni yao, na tumepata alama za juu kabisa. Sisemi haya kwa kujisifu. Kama ningekuwa nataka kujisifu ningetaja na tuzo niliyojipendekezea, ambayo mimi mwenyewe niliona haya kuikataa. (Kicheko kinachofichwa kwa viganja.)

Sasa tufike kwenye kilele. Nitakata utepe, pazia litavutwa, nanyi mtaona kwa macho yenu kazi ya mikono yetu. Naomba msisogee karibu. Ni suala la kiusalama. (Mheshimiwa anakata utepe. Pazia linavutwa. Unaonekana mlango mzuri wa mbao za rangi ya kahawa, kitasa cha shaba, kibao kimeandikwa KARIBU. Makofi ya kweli, ya kwanza tangu hotuba ianze. Dereva anasimama, anafuta jasho, anatabasamu. Mkewe anamshika mkono, wanaanza kutembea kuelekea mlangoni.)

Wakati tukiendelea kuushangilia, tuseme kwa pamoja. Nikisema koili, mnajibu kwa kalenda. Koili! (Wachache: "Kwa kalenda.") Ulimi! (Wachache zaidi: "Unyamaze.") Toka moshini! (Wote wanawatazama wale wawili.) Jamani, nyinyi wawili, nimeshasema msisogee. Shemeji, rudi kwenye gari. Mdogo wangu, kitasa hicho usikishike, nakuomba kama kaka sasa, si kama taasisi. (Anakishika. Vidole vinateleza juu ya ukuta. Anakigeuza kiganja chake, kimejaa rangi ya shaba. Anagonga mlango kwa ngumi, na sauti inayotoka ni ya tofali.)

Basi, naona tumeingia kwenye kipengele cha shukrani mapema kidogo. Shukrani zangu za dhati zimwendee fundi rangi. (Fundi rangi anainama nyuma ya tangi la maji.) Usijifiche, bwana, hii ni kazi ya kimataifa. Zile bawaba, lile tundu la ufunguo, kile kivuli kidogo chini ya kizingiti. Mimi mwenyewe nilipokuja kukagua nilibisha hodi. Niwashukuru wapangaji wa jengo la jirani, kwa kuwa ukuta huu ni wao. Niwashukuru wahasibu, ambao hawakuniuliza nyuma ya mlango kutakuwa na nini. Zaidi ya wote niishukuru bajeti, ambayo ilitosha kabisa kwa utafiti, kwa semina, kwa warsha, kwa hoteli, kwa pazia na kwa utepe, na ikaishia hapo hapo, bila kubaki hata ya kununua waya wa kusuka koili moja. Hiyo ndiyo nidhamu ya matumizi. (Hakuna makofi. Mdogo wake Mheshimiwa amekaa chini kwenye lami, ameufunika uso kwa mkono ulio safi, analia. Dereva anamtazama. Kisha anamwendea mhasibu mmoja kivulini, anaomba kitu kwa sauti ya chini, anapewa. Anakiweka mdomoni. Anawasha.)

Shemeji, zima sigara hiyo tafadhali. Wapiga picha wapo. Shemeji, nasema na wewe, sheria iko wazi, ndani ya eneo la Kituo hairuhusiwi kuvuta. (Dereva anavuta mpaka mwisho wa pumzi, anatoa moshi taratibu, anakohoa kwa muda mrefu sana. Anajifuta machozi ya kikohozi, halafu anauliza, kwa heshima ileile ya siku zote: "Kituo kipi, shemeji?")