Gari la Kutangulia

Wananchi wa Accra walitangaziwa rasmi kwamba zama za kwenda kula ovyo zimekwisha. Kuanzia Jumamosi hiyo, yeyote atakayezunguka jijini na wenzake akionja vyakula atasafirishwa kitaalamu, chini ya Idara ya Uratibu wa Misafara ya Mlo.

Idara ilikuwa ya Bwana Okantey, Mkurugenzi wa Muda. Hilo neno "wa Muda" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Waziri, Mama Araba Essuman, alikuwa amemwahidi: msafara wa kwanza ukiwashibisha wageni, cheo ni chake moja kwa moja.

Basi akapanga kwa moyo wote. Wageni waliagizwa wasitie kitu tumboni. Gari la askari wa jiji lilitangulia kusafisha njia, na basi lenye kiyoyozi, Waziri na wageni ndani, likafuata taratibu, kwa heshima.

Walipofika Nima kwa Hajia Rabi, mpishi wa waakye, ule wali wake wa kunde, walikuta mafiga yangali moto. Mtu hakuna.

"Mpishi yuko wapi?" Waziri aliuliza.

"Mheshimiwa, tumewahi mno," Okantey alijibu. "Ni dalili ya ufanisi."

Jamestown kwenye kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga, hali ile ile. Osu, paka tu. Matumbo yalinguruma mpaka dereva akazima redio.

"Bosi," dereva Ebo alinong'ona, "hao jamaa wa mbele uliwaambiaje?"

"Wasafishe njia."

"Ai, bosi! Wale hawajui kufagia. Wao wakisafisha, wanazoa wauzaji!"

"Ebo, wewe shika usukani. Mipango niachie mimi."

Mwisho walilikuta gari la askari limeegeshwa Labadi. Nyuma yake, ndani ya wavu, walikaa wapishi wote wa jiji na masufuria yao, na harufu iliyotoka humo ikajaa basi zima. Waziri aliteremka mbio, viatu mkononi.

"Hajia, nipakulie, mama!"

Hajia Rabi alifunika sufuria. "Mheshimiwa, kuuza chakula barabarani ni marufuku. Amri ni yako, ulisoma mwenyewe redioni. Tulikusikia."

Waziri alimeza mate. "Nimeifuta."

"Sema kwa nguvu, Mheshimiwa," mwenye kenkey alidakia, "askari hawa wana masikio mazito!"

"Nimeifuta! Fungueni!"

Wapishi walishuka, wakatandaza majani ya kupakulia pale pale. Wageni wakala. Ebo akala. Hata askari walikula, huku jasho la pilipili likiwatiririka. Waziri alilamba vidole akakiri kwamba hajapata kuona mlo uliopangwa vizuri namna hii.

Okantey alisikia, moyo ukafurahi. Alikaza tai, akasogea na jani lake mkononi.

"Panga foleni, mkuu," alisema Hajia Rabi.

Akapanga. Zamu yake ilipofika, Hajia aliinamisha sufuria amwonyeshe ndani.

"Pole, baba. Njia imesafishwa."