Bakteria wa Lewis Ogeto

Lewis Ogeto alikuwa amempeleka mjomba wake hospitalini mjini Kisii kuangaliwa mshono wa tumbo, na hakuwa na nia mbaya na mtu yeyote mpaka daktari alipofungua mdomo.

"Nyuzi hizi hatuzitoi, mzee," daktari alisema. "Zitayeyuka zenyewe humo ndani. Ni plastiki, lakini imetengenezwa na bakteria. Wanalishwa sukari, wananenepa plastiki kama sisi tunavyonenepa mafuta. Mwili unaivunjavunja polepole mpaka inaisha."

Mjomba akamshukuru Mungu. Lewis akauliza kama bakteria hao wanakula ndizi. Daktari akajibu kwamba wapo wanaoweza kulishwa mabaki ya matunda. Hapo Lewis naye akamshukuru Mungu.

Juma lililofuata aliingia Nyamira na Probox yake, amevaa koti jeupe, na kwenye kiti cha mbele ameketisha mtungi wa uji wa wimbi uliochacha, akaufunga mkanda. Alikwenda moja kwa moja kwa Nyaboke, mwenye duka la mbolea na dawa za mifugo, mama aliyesifika kwa kununua kitu kabla jirani hajakisikia.

"Mama, humu mna wafanyakazi wasiolala," alisema kwa sauti ya mazishi. "Uzi wa kushonea wagonjwa, vibao vya kushikilia mfupa uliovunjika, vidonge vinavyoachia dawa kidogo kidogo, vyote vinatoka kwa hawa. Wewe unawapa ganda la ndizi tu."

"Wanauma?"

"Wana adabu kuliko watu."

Nyaboke aliuinamia mtungi, akanusa, akarudi nyuma hatua moja kwa heshima. Lewis hakutaka pesa. Pesa, alieleza, zingewaudhi wanasayansi. Alitaka mtamba wa Friesian aliyekuwa nyuma ya duka, mwenye mimba. Kabla ya jua kutua mtamba alikuwa amefungwa kwa dada yake Lewis, kule Nyamache.

Siku chache baadaye simu ililia.

"Ni Daktari Momanyi, wa kiwanda cha nyuzi za hospitali. Tumepima mtungi wa mama mmoja hapa Nyamira. Bwana Ogeto, bakteria wale uliwatoa wapi?"

Lewis alikaa chini. "Kwa nini?"

"Sijaona wanaotoa plastiki namna ile. Mama amekataa kutuuzia. Ukitupatia mtungi ule ule, kiwanda kitakufanya mkurugenzi. Usilete mwingine, tutalinganisha."

Mtu mwenye akili zake angecheka. Lewis alikuwa na akili nyingi kupita kiasi. Bakteria wako kila mahali, alijiambia. Nani ajuaye waliingia lini ule uji ulipokuwa ukichacha? Huenda alikuwa amevumbua kitu bila kukusudia, na mavumbuzi makubwa, alikuwa amesikia, huja hivyo.

Alirudi Nyamira na mtamba juu ya pikapu ya kukodi, mwenyewe akiifuata kwa Probox.

"Mama, nimeota vibaya," alisema. "Wale bakteria ni wagonjwa. Chukua ng'ombe wako, nipe mtungi nikawatibu."

"Wagonjwa?" Nyaboke aliukumbatia mtungi. "Jana wamekula maganda matatu. Nimeshawazoea, mwanangu. Huyu ng'ombe mbona amekonda?"

"Nitaongeza kitu."

"Mimi sitaki kitu." Akatazama barabarani. "Hiyo Probox ina redio?"

Lewis alijitetea kwa muda. Mwishowe alisaini karatasi za gari juu ya gunia la mbolea, akaondoka kwa pikipiki, mtungi mapajani, ameukumbatia kama mtoto aliyetoka kubatizwa.

Alimngoja Daktari Momanyi kwenye hoteli waliyokubaliana mjini Kisii mpaka chai yake ikapoa. Simu ya daktari ilikuwa imezimwa. Akampigia Nyaboke.

"Uko salama, mwanangu?" alipokea kwa upole. Nyuma yake redio ya gari ilikuwa ikiimba, na sauti ya kiume, ile ile ya Daktari Momanyi, ikasema, "Shangazi, muulize kama breki ziko sawa."

Mwingine angekwenda nyumbani. Lewis aliutazama mtungi. Momanyi alikuwa mwongo, sawa, lakini bakteria walikuwa na kosa gani? Aliubeba mpaka maabara ya hospitali, akamwomba Beverlyne, fundi wa maabara, aupime kwa makini.

Beverlyne alifungua kifuniko, akanusa. Hakuhitaji hadubini.

"Huu ni uji, baba."

"Una hakika?"

"Wa wimbi. Umechacha vizuri sana." Alimtazama kwa huruma. "Nani amekuuzia?"

"Mama mmoja wa Nyamira."

"Pole. Matapeli wamezidi siku hizi."

"Wamezidi," Lewis alikubali, na machozi yaliyomlenga yalikuwa ya kweli. "Hawana hata utu."