Taa za Bwana Kostas Zilizowaka Bila Taarifa

Panda, Likasi
Agosti 1994

Kwa Bwana Kostas, mwenye mgahawa wa chakula cha Kigiriki,

Pokea salamu nyingi pamoja na hasira yenye adabu. Mimi ni mama wa Danielle, yule mama wa kitenge cha bluu aliyekula kwako Jumamosi akaondoka bila kuaga. Tulialikwa na Rolly, kijana anayeleta sukari kutoka Zambia kwa baiskeli, anayetaka kumwoa binti yangu. Sasa ndoa hiyo inayumba, na kosa ni lako. Naomba unisome ukiwa umeketi.

Kwanza, meza. Nilikueleza mlangoni kwamba kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwewe. Ni aibu kubwa auone mdomo wangu ukitafuna. Niliomba nikae nyuma ya friji. Ukanijibu kwa tabasamu kwamba kwenu familia hula pamoja, ukanivutia kiti mbele ya Rolly kabisa. Sikukataa, maana kiti kilikuwa na mto laini.

Pili, vile vifurushi vya wali. Kwa kuwa siruhusiwi kula, nikajipa kazi ya kuwafungulia wengine. Nilivifungua vyote kama chikwanga, ule mkate wetu wa muhogo unaofungwa kwa majani, na majani nikayarundika pembeni yatupwe. Mhudumu wako akacheka hadi akaegemea ukuta, akasema majani nayo huliwa. Nikayatazama vizuri: matembele! Nasikia majani ya mzabibu mnayofungia wali kwenu hayafiki tena tangu nchi iharibike. Pole, lakini matembele ninayo uani. Sikuvaa viatu vya kanisani ili nije kuyaangalia kwako.

Tatu, bukari, yaani ugali wetu, haikuwepo. Mume wangu Hilaire aliiomba, akaletewa mkate. Akala mkate wote, kisha akauliza chakula kinakuja saa ngapi.

Nne, nyama ya mbuzi. Tangu kiwanda alichofanyia kazi Hilaire kisimame na mgao wa unga wa kampuni ukome, nyama kwetu tunainusa kwa majirani tu. Ukaweka kipande mbele yangu kinanukia limau, nami nimefumba mdomo kama mtu anayepigwa picha. Ndipo umeme ukakatika. Nilimshukuru Mungu, kwa sababu gizani mkwe haoni, basi mila haijavunjwa. Nikala. Hapo ulaghai wako ukaanza, maana kila nilipomaliza kipande, vidole vyangu vilikuta kingine. Mtu mwenye akili timamu angeachia wapi?

Tano, na hili ndilo kubwa, taa ziliwaka bila taarifa. Nilikutwa na mfupa mdomoni na mafuta hadi kwenye kiwiko. Rolly akajifunika uso kwa kitambaa cha meza. Sahani yake ilikuwa tupu, nikajiambia huyu naye anakula mbio. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu. Kaka yangu Barnabé ametangaza: «Bantu bote ba Panda batatucheka. Hii ndoa inakufa.» Danielle analia akifua, analia akipika, analia hata kwenye kwaya. Moyo unaniuma kweli, kwa sababu anampenda yule kijana, na mimi pia nampenda.

Kwa hiyo nadai haya. Ulete kuku wa kusafisha aibu. Uje mwenyewe mbele ya Barnabé uape kwamba sikula, nilionja. Kisha umwandikie mkubwa wa umeme awe anabisha hodi kabla ya kurudisha taa. Ukishindwa, nitaleta kwaya nzima ya akina mama tukae mezani kwako kutwa, tena bila kuagiza kitu.

Msalimie mkeo, mpishi wako, na yule mhudumu aliyenicheka. Yeye nimemsamehe nusu.

Akuandikiaye kwa heshima na uchungu,
Georgette, mama wa Danielle

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha Danielle alipoingia akitoka kuonana na Rolly. Ameniambia: «Mama, ile nyama yote ni Rolly alikuwa anakuwekea mu sahani, mu giza. Ye alilala na njala.» Uso alijifunika kwa heshima, asinione. Haji kwetu kwa sababu anadhani mimi ndiye niliyekasirika. Bwana Kostas, kuku baki naye. Harusi tutaifanyia kwako. Mkalishe Rolly palepale mbele yangu, na nyama ikishafika, tafadhali zima taa. Safari hii mkono utakaotembea gizani ni wangu.