Siku ya Mahari, Bwana Harusi Hana Mdomo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepata! Mambo ya mahari yamekwisha. Leo wateja hawakuja pale dukani tunapochapisha kadi za harusi, nikawa nasoma kwenye simu asili ya maneno ya Kiingereza. Kumbe "wed", yaani kuoa, zamani ilikuwa kuweka rehani tu! Unatoa kitu kidogo cha kuonyesha nia, basi. Hakuna mambo ya kundi la mbuzi. Na Jumamosi hii tunaenda Kiritiri kwa kina Cicily, mchumba wangu, kuzungumza mahari, ambako babake anataka mbuzi kana kwamba anafungua soko. Atajua leo ni leo.

Ednah, mwenye duka, alisifu kadi niliyochora, eti ni "nice". Nikamfahamisha kwamba zamani neno hilo lilimaanisha mjinga. Nimepewa ufagio. Watu hawapendi elimu.

Jumatano, 6 Agosti

Binamu yangu Gachoki ndiye msemaji wetu. Anauza mbuzi Ishiara na ameozesha nusu ya ukoo kwa ule mdomo wake. Nilimpa hoja zangu kwenye karatasi. Akazisoma, akazifungia njugu. Alisema Kiritiri watu huongea mbuzi, hawaongei kamusi. Kazi yangu ni kukaa kando ya Mama na kutazama viatu vyangu. Siku ya mahari bwana harusi hana mdomo, mdomo wake ni msemaji.

Wivu mtupu! Hajui kwamba asili ya "husband" ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba anyamaze?

Cicily naye alipiga simu. Haombi gauni wala pete. Anaomba ninyamaze. Alinikumbusha kwamba babake alishafukuza ujumbe wa mchumba wa dadake kwa sababu bwana harusi alikuwa na maneno mengi, na dada yuko nyumbani mpaka leo. Nimeahidi. Nampenda huyu msichana mpaka chakula hakishuki.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwambia Gachoki kwamba mkutano umesogezwa hadi Jumamosi ya wiki ijayo. Mama nimemwambia Gachoki anaumwa na jino. Uongo mdogo mdogo, wa maendeleo. Msemaji mpya ni Marete, mwenzangu wa kazini, mtu wa Meru mwenye sauti ya kujaza kanisa. Nimemnunulia chapati na nyama, ameshika hoja zote. Ahadi kwa Cicily iko palepale. Mimi nitanyamaza, Marete atayasema maneno yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulipokewa vizuri. Ndengu, chapati na kuku vilikuwa jikoni, harufu imejaa boma. Marete akasimama, akasema ile ya rehani. Mzee Rwamba, ami yake Cicily anayesema kwa niaba yao, akauliza kwa upole maneno hayo yametoka wapi. Marete akanyoosha kidole moja kwa moja kwangu. "Ulizeni Gichovi, mimi nimetumwa tu."

Ningetazama viatu. Viatu vilikuwa hapo hapo! Lakini mtu akiulizwa jambo analolijua atafanya nini? Nikasimama. Mama akanivuta koti, nikalivua koti.

Niliongea vizuri sana, labda sentensi nne, kabla ya Mzee Rwamba kuinua bakora. Faini: mbuzi mmoja, kwa bwana harusi kufungua mdomo. Nikamweleza kwa heshima kwamba asili ya "fine" ni neno la Kilatini la mwisho, kwa hivyo mbuzi huyo ndiye mwisho wa maneno. Faini: mbuzi wa pili.

Nikaona nibadilishe mada, niwachangamshe kina mama. Nikawaambia kwamba "bridal", ile wanayoandika kwenye magari ya harusi, asili yake ni pombe ya bibi harusi. Mamake Cicily ni mwenyekiti wa kina mama kanisani. Alisimama, akajifunga leso upya, akaingia jikoni na kufunga mlango.

Tumerudi Embu bila kula. Kurudishwa na njaa kutoka kwa wakwe! Mama hajaniongelesha tangu Kiritiri. Marete ameuliza kama kuna chapati imebaki.

Jumapili, 10 Agosti

Cicily amepiga simu akilia. "Gichovi, kitu nilikuomba ni moja tu. Moja!" Babake amesema akisikia sauti yangu tena pale bomani, posa imekwisha, asitajiwe jina langu. Baada ya simu nililia kidogo, mlango ukiwa umefungwa, maana hapa mtaani Dallas majirani wana masikio.

Jioni Gachoki akafika. Jino lake halikuwa na shida yoyote. Alinigombeza mpaka jirani akapunguza redio ili asikie vizuri.

Jumatano, 13 Agosti

Gachoki ni mtu! Amekwenda Kiritiri peke yake, akakaa na Mzee Rwamba kutwa nzima. Wamekubali turudi Jumamosi. Tulete faini zetu na mbuzi wa kuomba msamaha, mnono, na mimi nisalimie kwa kichwa tu. Cicily amecheka kwenye simu, mara ya kwanza wiki hii. Mbuzi wote wako nyuma ya nyumba wakila majani ya ua wa mwenye ploti.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeapa kwa Biblia mbele ya Mama, Gachoki na Cicily kwenye simu. Sitasema neno. Nimebadilika. Mdomo wangu umepata adabu.

Ila nimesoma jambo leo. "Apology", yaani kuomba msamaha, asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni hotuba ya mtu kujitetea. Hotuba! Hakuna mbuzi popote! Tungewapelekea mbuzi bure, na pengine kuwatukana tena bila kujua.

Yule mnono nimemrudisha sokoni. Hotuba ina kurasa nane, nimeitia mfuko wa ndani wa koti. Kesho nitasimama kabla Gachoki hajamaliza kusalimia. Cicily atafurahi sana.