Mizunguko Miwili ya Skurubu, au Jinsi Gitobu Alivyoliteremsha Gari la Turbo hadi Siakago

Sogeeni, enyi mliokalia viti na enyi mliokalia madebe! Zimeni redio, acheni kumenya ndizi, na mwenye kikohozi akikohoe chote sasa hivi, maana ninayoyasimulia ni makuu. Sisimulii vita vya wafalme. Hao tulishawafanyia mtihani, na wengi wetu tukaanguka. Namsimulia Gitobu wa Meru, Gitobu Mwenye Turbo, Mtimua Vumbi la Makutano, na ile Jumamosi ya Agosti mwaka wa tisini na sita alipochagua namna ya kuiseti injini yake, akachagua vibaya, kisha akalisahihisha kosa kwa skurubu moja, na ulimwengu ukaendelea kuzunguka.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, lilitoka Japani, na juu ya boneti lilikuwa na mdomo wa kumeza upepo. Ndani yake ilikaa turbo, yule konokono wa chuma anayeisukumia injini hewa kwa nguvu, kama bwana zamu anavyowasukuma vijana kutoka bwenini kengele ikilia. Siku hiyo lilikuwa na safari nzito: kumfikisha Gitobu huko Siakago, nchi ya Mbeere, kwa Mzee Kivuti, akamwombe binti yake Wambeti.

Hiyo ilikuwa safari ya pili. Mara ya kwanza msafara ulichelewa saa nne nzima. Gari lilichemka kwenye bonde la mto Thuci, trekta lililobeba nyasi likawapita, na dereva wake, Mungu amsamehe, akapunga mkono. Mzee Kivuti hakukasirika. Alisema tu, "Mtarudi siku nyingine, kabla ya saa sita. Baada ya saa sita, mlango wangu ni wa kutokea."

Basi asubuhi ya safari ya pili, ukungu ukiwa bado umelala juu ya soko la Gakoromone, Gitobu aliingia gereji ya Kathuri akiwa amevaa sweta mbili. Kathuri ndiye Bwana wa Spana, Mwenye Ovaroli Iliyosahau Rangi Yake. Aliinua boneti, akainua na kidole, akahutubu:

"Gitobu, njia ni tatu. Ya kwanza, tuliache kama walivyoliseti Japani, pauni saba za presha. Utafika, na hakuna atakayegeuka kukutazama. Ya pili, pauni kumi, moto wa plagi tunauchelewesha kidogo, na injini tunaiongezea petroli ili ipoe. Ya tatu ni pauni kumi na tano, moto mapema. Hiyo ni ya watu wa mashindano, wenye petroli yao. Wewe unaweka petroli supa ya pampu, kama kasisi."

"Supa ina kasoro gani?"

"Haina kasoro. Ina mwisho. Ukiikandamiza kupita hapo, inalipuka kabla ya zamu yake, pistoni ikiwa bado inapanda. Hapo injini inanoki. Ikinoki sana, pistoni inatoboka. Ukitaka pauni kumi na tano, kaombe mafuta ya ndege. Na ukiwa huko, omba ndege kabisa."

Gitobu alipanda juu ya tairi kuukuu, maana maneno yake yalihitaji mwinuko.

"Kathuri! Mimi ni mtu wa pauni saba? Mimi, niliyepitwa na nyasi? Watoto wa Siakago waniite Bwana Pole Pole? Weka kumi na tano, na jua likitua lituone tumefika!"

"Jua likitua utakuwa umechelewa," alisema Shangazi Ciakuthii kutoka kiti cha nyuma. Huyu alikuwa muuza ndizi wa Gakoromone na msemaji wa msafara, kwa sababu huko ukweni bwana harusi hafungui mdomo, husemewa. "Wekeni mnachoweka, lakini mweke sasa. Hii nguo ina mikunjo ya pasi, na sina mwingine wa kuipiga tena."

Wakaweka kumi na tano. Wakalijaribu gari barabara ya Ruiri, na ole wangu, lilipaa! Kuku waliokuwa wakivuka barabara waliamua kuishi upande walioko. Kathuri alitega sikio apate kusikia injini ikinoki, asisikie kitu. Hewa ilikuwa baridi na nyepesi, na baridi ile yote ilikuwa upande wa Gitobu.

Na hapo ndipo lilipozaliwa kosa, nalo ni kosa la mtu wa mlimani: kuipima injini akiwa amevaa sweta, kisha kuipeleka mahali ambapo hata mbuzi hugombania kivuli.

Waliondoka saa tatu, Kathuri akiwa mbele na kisanduku chake cha spana magotini. Nkubu ilipita kama jina linaloitwa kwenye orodha. Chuka, Gitobu akavua sweta ya kwanza. Thuci, mahali pa aibu, akavua ya pili, akapiga honi kuyalaani yale maji. Kisha wakaiacha lami, wakateremka Ishiara, na joto likaingia dirishani kama mgeni asiyebisha hodi. Mbele yao kikasimama kilima cha mwisho kabla ya Siakago, kirefu, cheupe kwa vumbi. Gitobu akakanyaga. Turbo ikapiga mluzi. Na kutoka ndani ya boneti ikatoka sauti: ta, tata, tatatata.

"Gitobu," alisema shangazi, "nani anakaanga bisi?"

"Ni kokoto, shangazi. Barabara mbaya."

"Kokoto ziko chini. Hizi zinarukia ndani. Nimekaanga bisi za watoto saba, naijua sufuria iliyofunikwa na moto ukazidi. Toa mguu."

"Toa mguu," alisema Kathuri.

"Ni saa tano na dakika ishirini!"

"Na ikifika na ishirini na tano bila pistoni, utasukuma wewe au Ciakuthii?"

Gitobu alitoa mguu. Wakasimama kando, chini ya jua lisilo na huruma, na baraza la vita likakaa juu ya matope makavu. Kwenda polepole hivyo hivyo, saa sita ingewakuta njiani. Kukanyaga, ni kuiua injini na ndoa kwa mlipuko mmoja. Ilibaki kurudi nyuma kwa presha ili kwenda mbele kwa mwendo.

Kathuri alitoa bisibisi, akamnyooshea kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi upanga. "Uliikaza kwa mdomo. Ilegeze kwa mkono."

Oh, ni majeshi mangapi yalipigana ndani ya kifua kile! Gitobu aliinama, akaitafuta skurubu ya presha, akaizungusha mara moja. Akasimama.

"Kumi na mbili na nusu," alisema kwa sauti ya kilio. "Hiyo ni namba nzuri, Kathuri. Ni namba ya heshima."

"Gitobu!" Shangazi alikuwa ameshuka, kanga kichwani. "Unambembeleza nani? Jua hili linanipika. Zungusha!"

Akazungusha. Mara ya pili. Pauni kumi. Kathuri akalegeza distributa, ile inayogawia plagi moto, akaisogeza upana wa ukucha ili moto uchelewe, akaongeza petroli kidogo, akafunga, akajifuta mikono kwenye ovaroli, nayo haikuonyesha tofauti.

Wakapanda. Gitobu alikanyaga akiwa amefumba jicho moja. Turbo ikapiga mluzi, gari likavuta, kilima kikaanza kushuka upande wa nyuma, na ndani ya boneti hamkuwa na bisi hata moja. Kathuri aliimba wimbo wa kanisa. Shangazi akamwitikia.

Saa sita kasoro dakika nne walisimama langoni. Mzee Kivuti, aliyekuwa na kinu cha injini cha kusaga mahindi na masikio ya kukisikiliza, alitoka, hakusalimia mtu, akasimama karibu na boneti kusikiliza.

"Inapumua vizuri," alisema. "Mliiseti hivi Meru?"

Gitobu alimtazama msemaji wake. Msemaji wake akatazama mawingu, ambayo hayakuwepo.

"Hapana, mzee," alisema Gitobu, na mila ikatetemeka. "Meru niliikaza kupita kiasi. Pale kilimani ikaanza kulia, nikairudisha."

"Ulijua mwenyewe?"

"Niliambiwa."

"Mara ngapi?"

Gitobu alihesabu kwa vidole, kwa uaminifu. "Tatu, mzee. Gereji, kilimani, na bisibisi ikiwa mkononi."

Mzee Kivuti aligeuka kuelekea mlango wa jikoni. "Wambeti! Huyu huambiwa mara tatu. Utaweza?"

"Baba," ilijibu sauti kutoka ndani, "hapa kwetu wewe huambiwa mara tano."

Wanawake waliokuwa jikoni walicheka hadi mwiko ukaanguka, na Mzee Kivuti, akiwa amekaza uso usicheke nao, akafungua lango.

Basi iandikwe, kwa wino usiofutika kwa mate, kwamba mwaka huo pauni tano za presha zilijisalimisha kwenye kilima kisicho na jina. Kwamba hakuna pistoni iliyotoboka wala shangazi aliyeyeyuka. Na kwamba Gitobu wa Meru, Mshindi wa Mizunguko Miwili, alikaribishwa kiti chenye miguu mitatu na nusu, akakikalia mchana kutwa kwa ustadi mkubwa, asifungue mdomo tena.