Marufuku Kujua Kabla ya Kujulishwa

Basi lilikuwa limeshatoka getini pale Afisa alipokumbuka kwamba hajatoa tamko la kuondoka. Likasimamishwa. Dereva akalirudisha kinyumenyume mpaka shuleni, Afisa akasimama kwenye ngazi ya mlango, akasafisha koo, akatangaza:

"Ziara ya Kuwajulisha na Kuwashirikisha Wajumbe wa Bodi ya Shule katika Eneo Lao, kuanzia dakika hii, imezinduliwa rasmi!"

Basi likaondoka tena, kwa mara ya kwanza.

Wajumbe walipiga makofi. Karibu wote walizaliwa mtaa uleule, na wasiozaliwa pale walikuwa wamezalia pale. Sasa walikuwa wanapelekwa kujulishwa mtaa wao.

Usicheke. Jambo lenyewe lilikuwa na mantiki, na aliyeiona mantiki hiyo vizuri kuliko wote ni Afisa, aliyelibuni. Zamani, kabla hajaletwa, mjumbe wa bodi ya shule alikuwa anajua mambo ovyo ovyo. Akipita sokoni kasikia hili, akienda kuchota maji kaona lile, kisha huyo anaingia kikaoni na habari zisizo na kichwa wala miguu wala mhuri. Afisa aliukomesha uholela huo. Akatunga mwongozo, na kifungu chake kikuu kilisema: mjumbe haruhusiwi kujua jambo lolote la eneo lake kabla hajajulishwa na Kitengo cha Ujulishaji. Akijua mapema, amejua kinyume cha utaratibu, na analolisema halitaandikwa.

Kitengo chenyewe kilikuwa Afisa, kiti cha kuzunguka na kipaza sauti. Kwa ajili ya hicho kipaza sauti watu walimbandika jina, Kipaza. Na ili Kitengo kiwe karibu na wananchi, kiliwekwa ndani ya shule, katika chumba cha darasa la pili, kwa kuwa ndicho chumba pekee ambacho paa lake halikuvuja. Darasa la pili likahamia barazani. Upepo ukivuma, watoto wanasoma ukurasa uliochaguliwa na upepo. Mvua ikinyesha wanakunja miguu. Ikizidi, wanakwenda kwao.

Mjukuu wa Mama Pindo, fundi cherehani, alikuwa mmoja wa watoto hao. Kikohozi kilimshika msimu wa mvua, na jua lilipotoka hakikutoka nalo. Mama Pindo alikuwa mjumbe wa bodi, na kila kikao alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, watoto wanasoma nje."

"Umejulishwa na nani, mama?"

"Nimewaona kwa macho yangu."

"Macho yako hayajaidhinishwa," Kipaza alimjibu, bila hasira hata chembe. Alikuwa mtu mpole sana. "Subiri ziara."

Ziara ndiyo hii. Na kiti cha mbele kabisa ameketi Mkurugenzi mwenyewe kutoka makao makuu, mtu wa kimo na kitambi, na chupa kubwa ya maji haimtoki mdomoni. Alikuja kukipima Kitengo. Akiridhika, kile chumba kitakuwa cha Kitengo moja kwa moja, na darasa la pili litabaki barazani mpaka kiama. Mama Pindo alilijua hilo. Alilijua kinyume cha utaratibu, bila shaka.

"Kushoto kwenu," Kipaza alinguruma kwenye kipaza sauti, "kuna duka."

Wajumbe wakageuza shingo, wakalishangaa duka wanalonunua sukari.

"Kulia kwenu, kuna mtu."

Mtu mwenyewe akapunga mkono. "Shikamoo, Mzee Soli!"

Mzee Soli, fundi viatu na mwenyekiti wa bodi, akatazama mbele kama jiwe.

"Mzee wangu, mbona humwitikii?" Mama Pindo akamnong'oneza. "Huyo si shemeji yako?"

"Ndiye. Lakini sijajulishwa."

Mkurugenzi alisikia, akafurahi, akapiga funda la maji. Nidhamu ya namna hii hata makao makuu haipo.

Mambo yaliharibika kwenye njia panda. Dereva alikuja na basi kutoka makao makuu, njia hakuzijua.

"Bosi, kushoto au kulia?"

Kipaza akatazama dirishani. Kila siku yeye hushushwa na gari getini na kuchukuliwa getini. Mtaa aliujua kwa kuuandikia. Na kuwauliza wajumbe mbele ya Mkurugenzi ingekuwa sawa na mwalimu kumwomba mwanafunzi jibu.

"Kushoto," akasema, kwa sauti ya mwenye mamlaka.

Kushoto kukawapeleka kwingine, kwingine kukazunguka, na baada ya vumbi jingi basi likatokea palepale.

"Kushoto kwenu," Kipaza akasema, "kuna duka. Lingine. Kulia kwenu, mtu. Wa pili."

"Shikamoo, Mzee Soli!" akasema mtu wa pili.

Walipompita mtu wa tatu, chupa ya Mkurugenzi ilikuwa imekwisha, naye alikuwa ameacha kuegemea kiti. Alikaa wima, magoti yamebanana. Akamvuta Kipaza sikio amnong'oneze, bahati mbaya akanong'ona karibu na kipaza sauti, na basi zima likasikia:

"Bwana wee, choo kiko wapi?"

Basi likasimama. Kipaza akajikaza, akawageukia watu wake.

"Ndugu wajumbe, choo cha karibu kiko wapi?"

Wajumbe wakamgeukia mwenyekiti wao.

"Hatujajulishwa," akasema Mzee Soli.

"Lakini si mnaishi hapa?"

"Tunaishi, hatukatai. Kuishi ni kuishi, mwanangu, na kujulishwa ni kujulishwa."

"Mimi niliwahi kwenda," muuza mkaa akadakia kutoka nyuma, "ila nilikwenda kinyume cha utaratibu."

Mkurugenzi akafungua mlango ashuke popote. Nje, akina mama wanaanika nguo, wazee wanacheza bao, na wote wameinua macho kumtazama mgeni. Hapakuwa na hata kichaka cha kukimbilia. Akaufunga.

"Mheshimiwa," Mama Pindo akasema, "mwongozo una mlango wa nyuma. Kifungu cha mwisho: bodi ikikaa kikao halali, yaweza kujijulisha yenyewe jambo la dharura."

Kweli kilikuwapo. Kipaza alikiandika siku ambayo ukurasa ulibakiza nafasi.

"Basi kaeni kikao!" akasema Mkurugenzi.

"Tumeshakaa," Mzee Soli akasema, akavaa miwani. "Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Nimefungua. Ya pili, chumba cha darasa la pili. Ya tatu, choo."

"Tuanze na ya tatu!"

"Mheshimiwa, wewe ni mtu wa utaratibu. Tukiruka ajenda, si utaratibu utaanguka?"

"Kitakachoanguka ni kingine, mzee!"

"Ya pili," akasema Mzee Soli. "Mama Pindo, eleza."

Mama Pindo akasimama, akajifunga khanga vizuri, akajifungua, akajifunga tena.

"Mheshimiwa, shule yetu hii, zamani ilipoanza kujengwa, tofali la kwanza kabisa liliwekwa na—"

"Mama! Nakuomba! Kwa kifupi!"

"Watoto wako nje, Kitengo kiko ndani. Mjukuu wangu anakohoa."

"Kitoke!"

"Nani atoke?" akauliza Mzee Soli. "Tuandike vizuri."

"Kitengo kitoke! Leo hii! Meza, kiti, na mwenye kiti! Watoto waingie!"

"Lakini Mkurugenzi," Kipaza akasema kwa unyonge, "jambo hili bado hujajulishwa na—"

"Nimejulishwa!"

Kipaza sauti kilikuwa bado kiko wazi. Neno likatoka madirishani likasambaa mtaa mzima, na akina mama waliokuwa wanaanika wakapiga vigelegele, kabla ya kuuliza ni vya nini.

"Kuna mwenye kupinga?" akauliza Mzee Soli. Hakuna. "Imepita. Ya tatu. Nani anakijua choo?"

"Mimi," akasema Mama Pindo. "Nyumba ile ya mlango wa buluu, ndiyo kwangu. Tumesimama mlangoni kwangu muda wote huu. Karibu, baba, usione haya."

Mkurugenzi alikimbia kama mtu asiye na cheo.

Alirudi makao makuu siku ileile, kwa gari lililokuja kumchukua Kipaza. Ile amri hakuitengua, maana ili aitengue ilimpasa aeleze aliitoa akiwa katika hali gani. Alikuja kupandishwa cheo. Kipaza hakufukuzwa, ofisi kama zile hazifukuzi mtu, zinamsogeza. Meza yake iliwekwa barazani, na mvua zilipoanza akaomba uhamisho, akapewa kitengo cha mifereji. Dereva alichelewa kupata njia ya kutoka, akalala kwa muuza mkaa, na kesho yake asubuhi akaondoka na basi lake. Mzee Soli alichaguliwa tena. Darasa la pili liliingia ndani jioni ileile, likakuta kiti cha kuzunguka bado hakijatolewa, likakigombania mpaka kikavunjika. Mjukuu wa Mama Pindo alipona kikohozi, akafaulu kuingia darasa la tatu. Paa la darasa la tatu linavuja.