Nyuma Kabisa ya Tela

Jumatatu, 16 Juni 2025
Siku ya ishirini na moja Emiliana yuko kwao Chamwino. Kisa: niliwabadilisha mbuzi wake sita kwa tela la tairi mbili. Leo baba mkwe, Mzee Mazengo, katoa sharti. Nimhamishie mashine yake ya kukamua alizeti hadi Gulwe. Mashine ikifika huko Jumamosi, nimchukue mke wangu. Shemeji Stanley akadakia kwamba trekta lake lipo. Nikamwambia akae nalo. Mke ni wangu, tela ni langu.

Jumatano, 18 Juni
Fundi Mudrick kanichomelea chuma cha kuvutia tela nyuma ya gari langu dogo. Kazi yote kaifanya amenuna. Anadai mashine ni nzito kuliko gari, eti tela ndilo litakaloniendesha mimi. Nitafute lori. Yeye achomelee, kufikiri aniachie. Dawa ninayo: mzigo wote ukae nyuma kabisa ya tela, mbali na gari. Gari halitajua hata limebeba nini.

Jumamosi, 21 Juni
Chamwino, saa mbili asubuhi. Ukoo mzima uwanjani. Wanaume wanane wakapandisha mashine, nikawaelekeza mwenyewe: nyuma, nyuma zaidi. Tela likakaa kitako. Mbele likanyanyuka, likanyanyua na gari langu. Nikakanyaga mafuta. Tairi za nyuma zikazunguka hewani. Stanley akauliza kama ninakwenda Gulwe au mbinguni.

Sikukata tamaa. Kilichopungua ni uzito kwenye buti. Nikawatazama wote, nikaona anayefaa ni mmoja tu. Nikamwamkia kwanza, shikamoo mama, macho chini kama inavyompasa mkwe. Kisha nikamwomba mama mkwe apande kwenye buti, maana pale hapakuwa na aliyemfikia kwa uzito.

Emiliana akajifunika uso kwa kanga. Mama mkwe akaingia ndani. Nikasikia trekta la Stanley linawashwa.

Jumapili, 22 Juni
Mashine iko Gulwe tangu jana mchana. Emiliana bado yuko kwao. Nyumba imepooza, inaniuma. Wazee wamenitoza faini kwa kumvunjia mama heshima: dume la ng'ombe, mnene, nimpeleke mwenyewe. Nitampeleka. Ila Stanley hatanikuta barabarani naswaga ng'ombe kwa miguu. Mudrick anasema ng'ombe ana miguu minne, atembee. Wivu tu. Atapanda tela. Nimeshachora kwa chaki pa kumfunga: nyuma kabisa, gari lisielemewe.